Salim Ali na swali la shomoro mwenye koo la manjano



Kila zinapofungwa skuli wazazi hutuletea swali lile lile kwa maneno tofauti: mtoto kapiga ndege kwa manati, au kamnasa kwa ulimbo, je, analiwa? Jawabu yake tumeshaitoa. Kwa kawaida ndege asiyewinda kwa makucha ni halali akidirikiwa yuhai akachinjwa. Jiwe likimuua kabla ya kisu, huyo ni mzoga. Leo tunamtaja mtoto mmoja wa Kiislamu wa Bombay, India, aliyeingiwa na shaka hiyo hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na yaliyotokana nayo.

Salim Ali alizaliwa tarehe 12 Novemba 1896 katika ukoo wa Mabohora wa Kisulaimani, si wale wa Kidaudi tuliowazoea Unguja. Alikuwa kitinda mimba, mtoto wa tisa. Baba alifariki yeye akiwa na mwaka mmoja, mama akiwa na miaka mitatu. Alilelewa na mjomba wake, Amiruddin Tyabji, na mkewe Hamida Begum, ambao hawakujaaliwa mtoto wao wenyewe.

Mjomba alipenda kuwinda, na Salim akapata bunduki ndogo ya upepo. Akiwa na umri wa miaka kama 10 alimwona shomoro jike ameatamia kwenye tundu la ukuta, na dume analinda nje. Akampiga dume. Haukupita muda jike akawa na dume mwengine, naye akampiga. Katika siku saba aliua madume wanane, na yote akayaandika. Aliandika kwa kujisifu uhodari wa kulenga, lakini kwa kuwa aliandika kile alichokiona tu, miaka kama 60 baadaye maandishi yale yalichapishwa karibu kama yalivyo, na wajuzi wakayaona yana faida. Mauaji yenyewe hatuyasifu. Imepokewa katika hadithi kwamba mwenye kuua shomoro bila ya haki ataulizwa, na wazazi wawasomeshe watoto hilo kabla ya kuwanunulia mpira wa manati.

Siku moja alimwangusha shomoro mwenye baka la manjano kooni. Hakuwahi kumwona wa namna hiyo, akaogopa kumla asije akala kisichoruhusiwa. Akamchukua kwa mjomba. Mjomba hakumfukuza wala hakumpa jawabu ya kubahatisha. Alimwandikia barua aipeleke kwa Bwana W. S. Millard, katibu wa Jumuiya ya Historia ya Maumbile ya Bombay, iliyoanzishwa 1883 na wakaazi wanane wa mji ule waliotaka kubadilishana habari za wanyama na mimea wanayokutana nayo.

Kwa mtoto wa Kihindi wa zama za ukoloni, kuingia ofisi ya Mzungu ilikuwa mtihani. Millard alimtambua ndege, kisha akafungua makabati yaliyojaa ndege waliokaushwa, kila mmoja na kikaratasi mguuni: alipatikana wapi, lini, na nani. Akamuazima vitabu, na Salim akafundishwa kukausha ndege na kuweka kumbukumbu.

Njia haikunyooka. Alikwenda Burma kwenye biashara ya ukoo ya madini na mbao, haikufanikiwa. Alipoomba kazi ya mtaalamu wa ndege serikalini alikataliwa kwa kukosa shahada. Mwaka 1926 alipata kazi ya kuwaelekeza wageni katika makumbusho ya Bombay, akaiacha akasome Berlin kwa Profesa Erwin Stresemann. Aliporudi 1930 kazi haikuwepo tena. Yeye na mkewe Tehmina wakahamia Kihim, kijiji cha pwani ng'ambo ya bandari.

Hapo hana mshahara, lakini karibu na nyumba walijenga minana. Alikaa akiwatazama miezi kadhaa. Akagundua kwamba dume husuka kiota mpaka nusu, majike huja kukikagua, na jike akikiridhia ndipo dume hukimaliza; kisha huanza kiota cha pili kwa ajili ya mke wa pili. (Nyumba kwanza, ndoa baadaye. Vijana wetu wazingatie.)

Kisha akaziandikia tawala za wafalme wa Kihindi: nitawaandikia ndege wa nchi yenu bila ya malipo, nilipieni safari tu. Hyderabad ikakubali, halafu Travancore, Cochin na nyenginezo. Miaka ilipita kwenye mahema na magari ya ng'ombe, Tehmina akiendesha kambi. Kwa kila ndege aliandika mahali, tarehe, aina ya msitu na chakula kilichokutwa tumboni. Ilitoka ramani ya kweli ya nani anaishi wapi. Tehmina alifariki 1939 baada ya operesheni iliyodhaniwa ndogo, na Salim hakuoa tena.

Kitabu chake cha ndege wa India kilitoka 1941. Kile kikubwa, juzuu 10 alizoandika na Mmarekani Dillon Ripley, kilitoka baina ya 1968 na 1974. Kuanzia 1959 aliongoza kazi ya kuwavisha ndege wahamaji pete za miguu ili ijulikane wanakokwenda, mfano wa vitwitwi wanaotua fukweni kwetu kila mwaka.

Hatumtaji kama mwanachuoni wa dini. Mwenyewe hakujidai kuwa mtu wa ibada nyingi, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Tunataja kazi yake. Bharatpur palikuwa ziwa la kuwindia la wafalme, ambapo kwa siku moja ya Novemba 1938 waliuawa ndege zaidi ya 4,000. Baada ya uhuru, walipotaka kuligeuza mashamba, Salim Ali alilitetea mpaka kwa Nehru. Ziwa likabaki, na mwaka 1985 likaingizwa katika urithi wa dunia.

Sisi tuna Pemba, yenye ndege wanne wasiopatikana pengine popote duniani, akiwemo ninga wa Pemba na bundi wake. Ni watoto wangapi Wete au Chake wanaoweza kuwataja kwa majina?

Mwaka 1976 Salim Ali alipewa tuzo kubwa ya hifadhi ya wanyama, na fedha zake akaipa jumuiya ile ile ya Millard. Alifariki Bombay tarehe 20 Juni 1987, akiwa na miaka 90. Kitabu cha maisha yake, kilichotoka miaka miwili kabla, alikipa jina la kuanguka kwa shomoro.