Mathias Mnyampala na Sauti ya Mtoto katika Ngonjera

Mathias E. Mnyampala hukumbukwa zaidi kama mshairi wa Azimio la Arusha. Kumbukumbu hiyo ni sahihi, ila inampunja. Hapa tunamtazama kama mlezi wa sauti ya mtoto, tukizingatia shule za msingi za Bukoba na Muleba, mbali sana na kwao Ugogoni.

Alizaliwa mwaka 1917 katika eneo la Dodoma, akatumikia serikali kama karani, na baadaye katika shughuli za mahakama. Mwaka 1954 ilitoka historia yake ya Wagogo. Diwani yake ikafuata mwaka 1963. Bahari za ushairi wa pwani hakuzinyonya kwa mama. Alijifunza, na huenda ndiyo sababu alijua namna ya kuzifundisha.

Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwataka washairi wasaidie kueneza siasa ya Ujamaa. Mnyampala, akiwa mwenyekiti wa UKUTA, aliitikia kwa ngonjera, yaani shairi la majibizano litendwalo mbele ya hadhira. Alifariki mwaka 1969. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa mwaka 1970 na 1971, mwenyewe akiwa kaburini.

Wahakiki wamezishutumu ngonjera kwa ukasuku. Kwa upande wa maudhui, shutuma hiyo ina haki, utendaji haiugusi. Mtoto wa Kihaya hutoka nyumbani na lugha ya toni, itofautishayo pia irabu fupi na ndefu. Kiswahili kinamdai mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni hiyo haielezeki kwa mtoto wa miaka saba, lakini mwili wake waweza kuipokea. Mshororo wa mizani 16 hugawanyika nane kwa nane: akipiga hatua mbele kwenye ukwapi na kurudi kwenye utao, pumzi hukaa mahali pake. Mkono unyooshwao kwa mpinzani huipandisha sauti. Shingo iinamayo huishusha.

Wapo walimu wanaowapanga watoto kama gwaride, wote wakipaaza sauti moja. Hiyo ni kwaya (nayo ina heshima yake, hasa Kagera), si ngonjera. Katika ngonjera ya Mnyampala mhusika mmoja huanza kwa kupinga na kuishia kukubali, na ni badiliko hilo la msimamo linalompa mtoto sababu ya kubadili sauti.