FRANK WHITTLE: MWANAJESHI ALIYEANZA NA NDEGE ZA MFANO

Aendaye Koboko kutoka Arua hakosi kuwaona kando ya barabara watoto wakiendesha magari waliyoyaunda kwa nyaya na makopo. Karibu na uwanja wa ndege wa Arua wamo wale waungao vijiti na mabua kuwa ndege, baada ya kuitazama iliyotua kutoka Entebbe. Askari wengi huwapita bila kugeuza shingo. Sisi tuliopitia shule ya makadeti huwatazama kwa muda mrefu zaidi kidogo, kwani tukiwatazama humkumbuka Frank Whittle, mtu ambaye ndege za mfano zilimtoa katika safu ya mafundi wanagenzi na kumtia katika safu ya maofisa, na hatimaye zikampa ulimwengu injini ya jeti.

Whittle alizaliwa tarehe 1 Juni 1907 katika mji wa Coventry, Uingereza. Baba yake, Moses, alikuwa fundi mwenye akili nyingi na fedha chache. Mwaka 1916 jamaa hiyo ilihamia Leamington, na huko baba akanunua karakana ndogo ya kutengeneza vali na pete za pistoni. Mtoto alijifunza kazi kwenye mashine za kukerezea. Karakana ilipodorora, jamaa ilipoteza hata nyumba, na Frank akawa anakimbilia maktaba ya mji, akisoma vitabu vya turbini za mvuke na vya urukaji kuliko alivyosoma masomo aliyopewa shuleni.

Januari 1923, akiwa na umri wa miaka 15, alijitokeza kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza kama fundi mwanagenzi. Mtihani wa maandishi aliushinda, mganga akamkataa. Kimo chake kilikuwa futi 5 tu na kifua chake chembamba. Mkufunzi mmoja wa mazoezi ya viungo alimhurumia, akampa orodha ya vyakula na mazoezi, na katika muda wa miezi sita kijana akaongeza inchi 3 za kimo. Akarudi, akakataliwa tena, na kuambiwa kwamba aliyekwisha kukataliwa hapokewi. Husimuliwa kwamba safari ya tatu aliomba kwa jina lisilokuwa lake, akapokewa. Sisi, kwa wadhifa wetu, hatuwezi kumpendekezea kuruta yeyote njia hiyo, na ofisa wa uandikishaji asomaye ukurasa huu asidhani kuwa tunamcheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Septemba 1923 alianza mafunzo ya miaka mitatu huko Cranwell. Gwaride na kung'arisha viatu vilimchosha mno, hata mara nyingine akafikiri kutoroka. Kilichomzuia ni chama cha wanagenzi cha kuunda ndege za mfano. Huko Whittle na wenzake waliunganisha miti, nyaya na vitambaa, wakaunda ndege kubwa za mfano zenye kuruka kweli. Kazi hiyo ilimfikia mkuu wa kikosi, ambaye alitambua kwamba mwanagenzi huyu mdogo wa umbo alikuwa na kipaji cha hesabu kisichokuwa cha kawaida, na mwaka 1926 akampendekeza kuingia chuo cha maofisa, papo hapo Cranwell. Wanagenzi waliopata nafasi hiyo walikuwa wachache sana. Mkuu yule angaliweza kuyapita mabanda yale bila kutazama ndani, na historia ya urukaji ingalikwenda njia nyingine.

Chuoni kila kadeti alitakiwa kuandika insha. Mwaka 1928 Whittle aliandika juu ya maendeleo ya baadaye ya ndege, akaeleza kwamba ndege itakayokwenda mbali na upesi, zaidi ya maili 500 kwa saa, haina budi kupaa juu sana kwenye hewa nyepesi. Lakini huko juu injini ya pistoni hukosa pumzi, na rafadha haipati hewa ya kutosha ya kukamata. Mwaka 1929, akijifunza ualimu wa urubani, alipata jibu. Hewa iingie mbele, ishindiliwe na kompresa, ichanganywe na mafuta na kuwashwa; gesi ya moto izungushe turbini; turbini, kwa mhimili mmoja, izungushe kompresa; na gesi iliyobaki ifyatuke nyuma kwa nguvu na kuisukuma ndege mbele. Rafadha haihitajiki kabisa.

Alilipeleka wazo hilo kwenye Wizara ya Anga. Wataalamu walimwonyesha kosa katika hesabu zake na kusema kuwa hakuna chuma kitakachostahimili joto hilo. Januari 1930 aliandikisha uvumbuzi wake mwenyewe. Wizara haikuona haja hata ya kuufanya siri, kwa hiyo ulichapishwa, na nchi yoyote iliyotaka iliweza kuusoma. Mwaka 1935 haki hiyo ilihitaji kufanywa upya kwa pauni 5. Whittle, mwenye mke na watoto na mshahara wa ofisa mdogo, hakuwa nazo, wizara ilikataa kulipa, haki ikapotea. Pauni 5! Sisi tuliokaa katika ofisi za jeshi tunajua jinsi karatasi inavyoweza kukaa mezani hadi vumbi likaifunika, lakini habari hii bado hutuuma kila tuisomapo.

Waliomnusuru ni wanajeshi wenzake wawili wa zamani, Williams na Tinling, waliotafuta mtaji mdogo na mwaka 1936 kuanzisha naye kampuni ya Power Jets. Jeshi lilimruhusu kuifanyia kazi kwa saa sita tu kwa juma. Injini ya kwanza iliwashwa mjini Rugby tarehe 12 Aprili 1937. Ilipiga ukelele wa kutisha na mwendo wake ukazidi kupanda hata vali ya mafuta ilipofungwa. Watu wote walikimbia isipokuwa Whittle; baadaye alikiri kwamba haukuwa ushujaa, ni hofu iliyoigandisha miguu yake. Iligunduliwa kwamba mafuta yalikuwa yamevuja na kutuama ndani. Kwa kuwa fedha zilikuwa haba, injini hiyo ilivunjwa na kujengwa upya mara kwa mara, sehemu za zamani zikitumika tena.

Mwezi Juni 1939 wizara iliona injini ikienda dakika 20 bila kusita, na hapo ndipo ilipoamini. Kampuni ya Gloster iliagizwa kuunda ndege ya majaribio, iliyoitwa E.28/39. Jambo litakalowapendeza mafundi wetu ni hili: kabla ya injini halisi kuwa tayari, waliunda nyingine kwa vipande vilivyohesabiwa kuwa havifai kwa safari ya angani, wakaifunga katika ndege kwa ajili ya kuiendesha chini tu. Aprili 1941, ikikimbia juu ya majani, ndege hiyo iliruka kidogo mara tatu. Tarehe 15 Mei 1941, jioni, rubani Gerry Sayer aliirusha E.28/39 kwa injini yake halisi, na akakaa angani dakika 17. Mahali palikuwa Cranwell.

Haki inatutaka tuseme kwamba Wajerumani walikwisha kutangulia. Ndege ya Heinkel yenye injini ya Hans von Ohain iliruka tarehe 27 Agosti 1939. Ohain alikuwa na kampuni kubwa nyuma yake.

Mwaka 1944 serikali ilichukua Power Jets, na Whittle, aliyeamini umilikaji wa umma, alitoa hisa zake. Kazi ilikuwa imekwisha kumvunja afya, mwili na fahamu. Alistaafu mwaka 1948, akapewa pauni 100,000 na cheo cha Sir.

Je, haya yanaihusu vipi West Nile? Mwaka 1946 Uingereza iliiuzia Urusi injini za Nene za Rolls-Royce, zilizojengwa kwa kompresa ya namna ya Whittle. Warusi waliziiga, na kutoka humo ikatoka injini ya MiG-15 na ya MiG-17. Uganda ilikuwa na MiG-17 katika utawala wa Idi Amin, aliyehesabiwa kuwa mtu wa Koboko, na baadhi yake ziliteketezwa Entebbe usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976. Wakongwe wa Arua waliozisikia zikipita walisikia, bila kujua, sauti ya insha ya kadeti wa mwaka 1928.

Mwaka huo huo wa 1976 Whittle alihamia Marekani, akafundisha katika chuo cha maofisa wa majini cha Annapolis, na akafanya urafiki na Ohain. Alifariki tarehe 9 Agosti 1996. Majivu yake yalirudishwa Uingereza kwa ndege ya jeti, yakazikwa katika kanisa la Cranwell.