Cyrill Demian na Kodiani

Je, umewahi kumwona mhunzi kazini? Zamani, katika nchi iliyo kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria, ilipo Chato, mafundi wa Kirongo waliyeyusha chuma kwa moto uliopulizwa na mivukuto. Mvukuto ukibanwa, hewa hutoka kwa nguvu. Hewa hiyo yaweza pia kutoa muziki. Soma sasa habari za fundi aliyeitumia hivyo.

Cyrill Demian alikuwa Mwarmenia. Alizaliwa mwaka 1772 katika nchi ambayo leo ni Romania. Baadaye alitengeneza vinanda mjini Vienna, Austria, pamoja na wanawe, Karl na Guido. Vinanda vya siku zile vilikuwa vikubwa na vizito. Demian alitaka ala ambayo msafiri angeweza kuibeba, na ambayo hata asiyejua muziki angejifunza kuipiga kwa muda mfupi. Mwezi wa Mei 1829 aliiomba serikali hati ya kulinda uvumbuzi wake.

Ala hiyo ilikuwa sanduku dogo lenye mvukuto, lisilofika urefu wa sentimita 25. Ndani yake mlikuwa na ndimi nyembamba za chuma. Kila ulimi ulishikizwa upande mmoja tu. Hewa ilipopita, ulimi ulitetema na kutoa sauti. Ndimi zikiwa na unene sawa, ulio mrefu hutetema polepole na kutoa sauti nzito. Ulio mfupi hutetema upesi na kutoa sauti nyembamba.

Kulikuwa na vibonyezo 5. Kila kimoja kililiza sauti kadhaa zinazopatana, na mvukuto ulipovutwa badala ya kubanwa, sauti zilibadilika. Kwa Kijerumani, sauti zinazolia pamoja hivyo huitwa Akkord. Kutokana na neno hilo Demian aliipa ala yake jina, nasi twasema kodiani.

Usidhani Demian alianza bila kitu. Wachina walikuwa na ala ya ndimi, iitwayo sheng, karne nyingi kabla yake. Na baada yake, mafundi wengine waliongeza vibonyezo. Demian alifariki miaka ya 1840, lakini kodiani ilifika mbali, hata katika taarabu ya Unguja.

Jaribio
Bana rula ukingoni mwa meza, kisha ipige ncha yake. Fupisha sehemu iliyo nje, upige tena. Sauti imebadilikaje? Kwa nini?