Louis Leakey: Mzaliwa wa Kabete aliyetaka kujua sokwe anawaza nini

Ukitoka Ifakara kwenda Mang'ula, barabara ikisogelea milima ya Udzungwa, utakutana na nyani. Anakuangalia usoni, anaangalia mkono wako umebeba nini, kisha anaamua. Sasa hapo anawaza nini?

Louis Leakey alihangaika na swali kama hilo kwa miaka mingi.

Alizaliwa 7 Agosti 1903 Kabete, karibu na Nairobi, wazazi wake wakiwa wamisionari Waingereza. Alikua na watoto wa Kikuyu, akaongea lugha yao kama mwenyeji. Mwaka 1924, akiwa bado mwanafunzi wa Cambridge, alikuja Tanganyika kuchimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, mkoani Lindi.

Wasomi wengi wakati ule walitafuta chimbuko la binadamu Asia. Yeye aling'ang'ania Afrika, na mwaka 1931 akaanza kazi Olduvai. Mambo hayakunyooka. Mwaka 1935 mtaalamu wa miamba alitoka Uingereza kukagua ugunduzi wake wa magharibi mwa Kenya, Leakey akashindwa kumwonyesha sehemu yenyewe mifupa ilipotoka. Jina likachafuka vibaya.

Tarehe 17 Julai 1959 alikuwa amelala kambini Olduvai, homa imembana. Mke wake, Mary, akatoka peke yake kutafuta, akaliona fuvu lenye magego makubwa kweli kweli. Baadaye likapimwa: miaka kama milioni 1.75. (Watu humtaja Louis zaidi, lakini aliyeliona ni Mary.)

Louis aliamini huyo ndiye aliyechonga zana za mawe za pale. Akaja kubadili msimamo. Mwaka 1964, yeye na wenzake Phillip Tobias na John Napier walitangaza kiumbe mwingine wa Olduvai, Homo habilis. Ubongo wake ulikuwa karibu nusu ya wetu, na wanasayansi wengi walikataa kumwita mtu. Leakey alishikilia kuwa mikono yake na zana zile zinatosha.

Shida ni kwamba fuvu halikuambii mwenyewe aliishije. Leakey akaona njia iliyobaki ni kuwafuatilia ndugu zetu walio hai.

Ndipo akampeleka Jane Goodall kwa sokwe wa Gombe, Kigoma, Julai 1960. Binti alikuwa katibu wake, hana digrii. Leo angeachwa kwenye usaili wa kwanza tu! Leakey alitaka hivyo hivyo, mtu asiyekwenda na majibu ya darasani.

Miezi michache baadaye Goodall alimwona sokwe akichomeka kijiti kwenye kichuguu, akivuta mchwa na kula. Wengine walipukutisha majani kwanza, yaani walitengeneza zana kabisa. Leakey alipopata habari alielewa mara moja: ama tubadili maana ya zana, ama maana ya mtu, la sivyo tumkubali sokwe kama mtu.

Alimsaidia pia Dian Fossey kwenda kwa sokwe wa milimani, na Biruté Galdikas kwa orangutani wa Borneo.

Leakey alifariki London 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Miaka saba baadaye, hapa Sanje, wanasayansi walimtambua nyani ambaye vitabu vyao havikuwa naye. Wenyeji walikuwa wanamjua siku zote.