James Watt: Fundi Aliyefunguliwa Mlango

Kila nisomapo neno wati kwenye balbu, mimi mwanaisimu hukumbuka kwamba hilo lilikuwa jina la mtu. James Watt alizaliwa Greenock, Scotland, mwaka wa 1736. Mnamo 1755 alikwenda London kujifunza kuunda ala za kupimia. Alikaa mwaka mmoja tu, ilhali uanagenzi wa kawaida ulikuwa miaka saba. Hata hivyo, mwaka wa 1757 Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa karakana. Humo aliletewa kielelezo kibovu cha injini ya Newcomen akitengeneze, naye akataka kujua ni kwa nini kilikula mvuke mwingi vile. Mwaka wa 1765 alipata jawabu: mvuke upozwe katika chombo cha kando, silinda ibaki moto.

Lakini nguvu bila kidhibiti ni hatari. Mnamo 1788 aliiwekea injini mipira miwili iliyozunguka nayo. Mwendo ulipozidi, mipira ilitanuka na kuinuka, mvuke ukapunguzwa. Ulipofifia, mipira ilishuka, mvuke ukaongezwa. Injini ikawa inajirudi yenyewe. Wazo hilo lilitoka katika vinu vya kusagia nafaka, wala Watt hakudai ni lake. Alifariki mwaka wa 1819. Nadharia ya vidhibiti hivyo ilielezwa kihisabati na James Clerk Maxwell mwaka wa 1868.

Walimu wenzangu, uhandisi wa udhibiti leo una shahada zake. Watt hakuwa hata na miaka saba ya uanagenzi. Angebisha hodi kwetu leo, je, tungemfungulia?