HARRY THUKU: KUTOKA KIZUIZINI HADI KWENYE MEZA YA KAHAWA

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Lakini mkulima wa kahawa wa Nakuru yetu hii, awe wa Subukia, Bahati au Solai, ana haki ya kuuliza kivuli chenyewe kiko wapi. Nyanya yangu ana mikahawa Subukia. Huchuma, hupeleka kiwandani, halafu hungoja miezi na miezi. Pesa zikija zimeshakatwa hapa na pale, wala haambiwi mnunuzi wa ng'ambo alilipa ngapi. Ndiyo maana nimechagua kuandika maisha ya marehemu Harry Thuku, ambaye wengi wetu twamjua kwa siasa tu.

Thuku alizaliwa mwaka wa 1895 huko Kambui, Kiambu. Alisoma shule ya misheni, kisha akaenda Nairobi kutafuta kazi. Hakuwa malaika, kwani aliwahi kufungwa kwa kosa la kughushi. Baadaye alipanga chapa gazetini, kisha akawa mpokeaji simu katika Hazina ya serikali.

Mwaka wa 1921 masetla waliamua kukata mishahara ya vibarua kwa thuluthi moja. Thuku hakunyamaza. Alianzisha East African Association, akapinga kipande, kodi nzito na kazi za kulazimishwa. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mstari wa mbele. Risasi zikalia. Serikali ilihesabu maiti 21, lakini watu walisema ni zaidi. Thuku akazuiliwa mbali na kwao, Kismayu, Lamu, Witu na Marsabit, hadi mwisho wa 1930.

Sasa tuje kwenye kahawa. Zao hili lilikuwa la masetla. Mwafrika aliipalilia na kuichuma kama kibarua, lakini kuipanda kwake alikatazwa. Ruhusa ilianza kutolewa kidogo kidogo miaka ya 1930, Kisii, Meru na Embu, na Kiambu wakangoja zaidi. Thuku alishika jembe, akawa mkulima hodari wa kahawa. Mwaka wa 1959 akawa Mwafrika wa kwanza kuketi katika bodi ya wakurugenzi wa KPCU, chama kilichokoboa na kushughulikia kahawa ya wakulima.

Najua wapo watakaonipinga, maana Thuku aliwapinga Mau Mau, na wengi hawakumsamehe. Hilo siwezi kulificha. Hata hivyo, kumlaumu kwa hilo kusitufanye tusahau kwamba aliingia chumba ambacho jasho la Mwafrika lilikuwa likipimwa bila yeye kuwepo.

Thuku aliaga dunia tarehe 14 Juni 1970. Mwaka wa 2006 Kenya iliruhusu kahawa iuzwe moja kwa moja kwa wanunuzi wa ng'ambo bila kupitia mnada wa Nairobi. Mlango upo, lakini wa kuupita ni yule mwenye kahawa safi, hesabu zilizo wazi na viongozi waaminifu. Wenzangu, hesabu na biashara tunazosoma darasani si za mtihani pekee. Tukazisome risiti za wazee wetu, tukaulize bei, nasi tukaketi kwenye meza ile. Mwenye shoka hakosi kuni, na shoka letu ni elimu.