Dk. Williamson wa Mwadui: Alijua kusoma udongo, kansa ya koo ikamuondoa akiwa na miaka 50

Ukifika Shinyanga ukataja Williamson, hakuna atakayekuuliza ni nani. Mgodi wa almasi wa Mwadui bado unabeba jina lake. Wachache tu ndio wanajua huyu bwana alikufaje.

John Thorburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 Quebec, Kanada. Alisoma jiolojia Chuo Kikuu cha McGill mpaka akapata PhD, kisha akaja Afrika kutafuta madini. Tanganyika alianzia Mabuki, kwenye mgodi mdogo wa almasi, njia ya kutoka Mwanza kwenda Shinyanga. Baadaye akaamua kujitafutia mwenyewe. Pesa zilikata, malaria ikamsumbua, lakini hakuondoka.

Machi 1940 akaipata Mwadui. Mwamba wenye almasi pale una eneo la takriban hekta 146, yaani kama viwanja 200 vya mpira. Ni kati ya mikubwa zaidi duniani.

Hapa kuna kitu wachimbaji wadogo wa Geita watakielewa haraka. Mjiolojia wa almasi haanzi kwa kutafuta almasi. Anasoma udongo unaoizunguka, anatafuta madini yanayotembea nayo, kama ganeti. Hiyo ndiyo kazi iliyompa Williamson utajiri.

Mwaka 1947 mgodi ukatoa almasi ya pinki ya karati 54.5. Akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6, na baadaye Cartier wakaiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Yeye mwenyewe hakuoa.

Januari 1958 akafariki kwa saratani ya koo. Alikuwa na pesa ya kwenda hospitali yoyote duniani, ila wakati ule silaha kubwa zilikuwa mbili: kisu na mionzi. Zote zinaulenga uvimbe wenyewe. Akazikwa Mwadui, na mwaka huohuo warithi wakauza mgodi kwa De Beers na serikali ya kikoloni.

Kinachouma ni kwamba wazo jingine lilikuwepo tayari. Mwaka 1889 daktari wa Uingereza, Stephen Paget, alichunguza rekodi za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Akaona ugonjwa hausambai ovyo. Unachagua viungo, kama mbegu inayoota kwenye udongo unaoifaa tu. Wazo hilo likakaa miongo mingi bila kuzaa dawa.

Leo inajulikana kwamba uvimbe hauishi peke yake. Unajivutia mishipa ya damu iulishe. Seli za jirani zinaujengea ukuta wa nyuzi. Na askari wa mwili, seli T, wanafika pale lakini wanafungiwa breki. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha bevacizumab, dawa inayozuia mishipa hiyo mipya. Mwaka 2016 zikafuata pembrolizumab na nivolumab kwa saratani za kichwa na shingo, kundi ambalo la koo limo. Hizi hazipigi seli ya kansa. Zinafungua breki, askari wafanye kazi yao.

Ila usidhani mambo yameisha. Wagonjwa wengi wa kansa hizo bado hawapati nafuu kwa dawa hizo, na bei yake kwa mtu wa kawaida haishikiki. Kuna wakati kugusa udongo kunaleta balaa: jaribio moja la kubomoa ukuta wa nyuzi kwenye saratani ya kongosho lilisimamishwa mwaka 2012, maana waliopewa dawa walifariki mapema kuliko wenzao. Yaani ukuta ule huenda ulikuwa pia unauzuia uvimbe.

Kwa mtu wa Shinyanga au Geita, matibabu ya saratani yaliyo karibu yapo Bugando, Mwanza. Kisu na mionzi bado ndivyo vinavyookoa wengi, hasa uvimbe ukiwa mdogo, na saratani ya koo mara nyingi huanza kimyakimya. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, au kumeza kukianza kuuma bila kuacha, nenda ukapimwe, hata kama unahisi ni vumbi tu la kwenye duara.